Mpaka Kwenye Boliti za Ekzosi

Masizi alikuwa fundi wa ekzosi, mtu mzito wa kusema na mwepesi wa kununa. Alichomelea mabomba na kuziba matundu ya sailensa, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, sabuni ilishakata tamaa nayo. Yadi alitumia pamoja na kaka yake wa tumbo moja, fundi wa injini, ambaye watu walimwita Bingwa. Jina hilo Masizi alilitamka kama mtu anayetema kokwa.

Baba yao alipofariki waligombania sanduku lake la vifaa, wakaishia kugawana kila kitu, spana huku, nyundo kule. Mwishowe wakagawana hata kila gari la mteja. Kuanzia kwenye boliti zinazoshikiza ekzosi kwenye injini kwenda mbele, ni kwa Bingwa. Kuanzia hapo kurudi nyuma, ni kwa Masizi. Hakuna aliyegusa upande wa mwenzake, wala kumwambia alichokiona huko. Wateja ndio waliobeba maneno kama matarishi.

"Mwambie huyo mchoma mabati bomba lake linavuja."

"Mwambie na yeye asafishe masikio, ni injini yake inayokohoa."

Siku moja Mama Mwenye Yadi alileta gari lake. Aliachiwa na marehemu mumewe, gari lenye supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda na kuishindilia injini hewa. Lilikuwa gari la kiburi. Sasa lilinguruma vizuri likiwa limesimama, lakini likiona mlima linalegea kama mgonjwa.

Bingwa alifunua boneti, akasikiliza, akafunika. "Injini haina neno, mama. Peleka nyuma."

Masizi akaingia chini. Alipofungua bomba alikuta masega, ule mtungi wenye vitundu vidogo vidogo vya kusafishia moshi, yameyeyuka na kugandamana kama sukari iliyoungua. Moshi ulikosa pa kutokea. Na kwa nini yaliyeyuka? Alijua. Injini ilikuwa inamisi, plagi moja haichomi, na petroli mbichi ilikuwa inashuka kuja kuungulia humo ndani. Ndiyo maana hata bomba lilinuka petroli.

Akanyamaza. Si upande wake. Ghalani alikuwa na masega ya kigari kidogo kilichokufa zamani, akayapachika, akachomelea. Kwamba ni membamba mno kwa injini inayoshindiliwa hewa, hilo nalo akalimeza.

Gari likapata nafuu, si sana. Mama akalalamika kwa Bingwa. Bingwa, badala ya kuuliza nyuma kulifanyika nini, akaitoa puli ya supachaja na kufunga nyingine ndogo ili pampu izunguke kwa kasi zaidi. Hewa ikaongezeka kuingia. Kutoka, tundu lilikuwa lilelile.

Wiki haikuisha. Mama alirudi akivutwa kwa kamba, uso umemvimba kwa hasira. Gari lilimzimikia mlimani, bomba chini likiwa jekundu kama kaa la moto, na zulia la miguuni limeungua. Alivuta kiti, akakaa katikati ya yadi.

"Fungueni. Wote wawili. Hapa mbele yangu."

Mke wa Masizi alikuwa amemletea chakula. Akamvuta pembeni. "Baba watoto, shika ulimi wako. Tukitolewa hapa, umeme wa kuchomelea utaupata wapi? Chumbani kwangu?"

"Mwambie shemeji yako ashike wake."

Masega yalitolewa, yameziba tena. Mama akayageuza mkononi. "Haya. Nani?"

"Chomoa plagi zake, mama," Masizi alisema. "Utakuta moja imelowa petroli. Tangu siku ya kwanza."

Bingwa alichomoa, na kweli moja ilikuwa imelowa chepechepe. Lakini hakuona haya hata kidogo. "Kumbe ulijua! Na hayo masega ya kibajaji umeyatoa wapi? Gari la supachaja unalifungia pua ya panya?"

"Na wewe ukaliongezea puli! Unamshindilia chakula mtu aliyefungwa mdomo!"

"Nyuma ni kwako! Ungesema!"

"Ungeuliza!"

"Nikuulize wewe? Nani alikufuta kamasi wewe?"

"Basi!" Mama aligonga masega sakafuni, majivu yakaruka. "Mume wangu aliwaruhusu kufanyia kazi yadini hapa kwa heshima ya baba yenu. Mimi nataka fundi wa gari, sitaki mafundi wa nusu gari. Mtengeneze hili pamoja, na kila gari litakaloingia hapa kila mmoja aikague kazi ya mwenzake. Mkikubali, mbaki. Hamtaki, leo nafunga geti."

Mke wa Masizi alimkazia macho mumewe, akamwonyesha kwa kidevu: sema. Neno lenyewe lilikuwa dogo tu: kaka. Masizi alilitafuta kifuani, akalikuta, likapanda hadi kooni. Hapo likakwama. Alimwona Bingwa amekunja mikono, anangoja kuombwa.

"Aanze yeye," Bingwa alisema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa kichwa," Masizi akajibu, na neno lile likarudi chini lilikotoka.

Mkewe alishika kiuno, akacheka kicheko kikavu kisicho na furaha. "Haya, wanaume. Kaleni huo ukubwa." Akachukua bakuli la chakula, ambalo halijaguswa, akaondoka nalo.

Masizi aliuchomoa waya wa mashine yake ya kuchomelea, akaipandisha kwenye mkokoteni pamoja na mabomba. Nyuma yake alisikia Bingwa naye akitupia minyororo na jeki kwenye mkokoteni wake, kwa fujo, ili asikike. Walifika getini kwa wakati mmoja. Magurudumu yakanasana.

"Rudi nyuma, nipite."

"Rudi wewe."

Hakuna aliyerudi. Mama Mwenye Yadi alikuwa ameshasimama, kufuli mkononi, anawangoja watoke.