Kebo Iliyopita Nyuma ya Mkungu

Usiku ule nililala na harufu ya mkungu mikononi, ingawa nilikuwa nimenawa mara mbili kwa sabuni. Kutwa nzima tulikuwa tukiangusha miti ya mtaa mmoja mpana, kupisha reli ya treni za mjini. Mikungu yote, ile miti ya kivuli izaayo kungu, ilikuwa imeshalala chini. Wa mwisho, mkubwa kuliko yote, tulikata shina tukaacha kisiki, maana jua lilikuwa limetuacha. Kisiki kingeng'olewa asubuhi.

Wa kuking'oa alikuwa Zuhura, dereva wa kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hampitishi mtu bila kumchokoza. Jioni ile aliniuliza kazi ikiisha nitaelekea wapi. Nikamwambia sijui, labda kusini, labda mpakani.

"Kaka Sefu," akasema, "hata kunguru ana mti wake. Wewe wako uko wapi?"

Nilicheka. Zaidi ya miaka ishirini nimezunguka nchi nikichimba mitaro, ya maji hapa, ya simu kule, na kila nilipofika nilikumbuka nilipotoka. Mtaa ule ndio nilioanzia kazi. Nilikuwa nimeurudia kama mgeni, kuja kuukatia miti yake.

Chini ya mtaa kuna kebo kubwa ya umeme, ya zamani, na bado nusu ya mji inaitegemea. Injinia alikuwa na ramani inayoionyesha imenyooka upande wa barabara, mbele ya miti. Tulichimba mwanzo wa mtaa tukaikuta. Tukachimba mwisho, tukaikuta tena pale pale ilipochorwa. Basi akaiamini na katikati yake. Akapiga mstari wa chokaa, akamwagiza Zuhura achimbe kutokea nyuma ya kisiki, upande wa ukuta, ili awe mbali na umeme. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha.

Nikalala kambini, nyuma ya ukuta huo huo.

Nikajiona niko mtaani, mchana mweupe, na miti yote imesimama tena. Hakuna gari wala muuza maji. Mtaro uko wazi toka mwanzo hadi mwisho, na ndani yake anatembea mtu taratibu. Ninachoona ni kofia tu, kofia ya viua iliyopauka kwa jua. Niliijua kofia kabla ya kuuona uso. Alikuwa Mzee Mbaruku, nyapara wangu wa kwanza, aliyenifundisha kazi nilipokuwa na miaka ishirini na mbili. Amefariki miaka tisa sasa. Habari zilinifikia nikiwa mbali, arobaini yake imeshasomwa. Sikumzika.

Sikuogopa. Nilitelemka mtaroni kama mtu anayeingia kwao. Nikamwamkia, shikamoo Mzee, naye akainua tu mkono kidogo kama anayesema subiri. Nikamfuata.

Mbele yetu wako vijana wa kikosi cha zamani, wamepiga magoti, wanailaza kebo. Mzee Mbaruku alikuwa na utaratibu wake. Kebo ikishalala, hakuna kushika chepe. Kila mtu aifukie kwanza kwa mikono, mafumba matatu ya mchanga laini, kama tunavyomfukia maiti. Ndipo vigae vyekundu vipangwe juu, ndipo chepe zifuate. Wenye mzaha walikuwa wakimwuliza kama na hitima itasomwa. Yeye aliwajibu kwamba jiwe utakaloliangusha leo juu ya umeme litakuja kumuuma mtu asiyekujua. Sasa wanaifanya kazi ile ile, na mchanga unaanguka bila sauti.

Tukafika kwenye mkungu mkubwa. Mzizi wake, mnene kama paja, umelala katikati ya njia. Mmoja ameshainua sururu. Mzee anatikisa kichwa. Na pale pale nikajua kwamba haya siyaoni mara ya kwanza. Siku ile ya kweli alikataza mzizi ule usikatwe. Alituambia mti ukikatwa mguu, siku ya upepo utawaangukia watu. Tukauzungusha mtaro, tukapita nyuma, kati ya shina na ukuta, kisha tukarudi kwenye mstari mbele kidogo. Kazi ya nusu siku. Mbona nilikuwa nimeisahau?

Sasa nimekaa kwenye dawati langu la shule, nalo dawati liko ndani ya mtaro. Ramani iko mbele yangu na penseli ninayo. Mzee hakuweza kusoma ramani, na katika kikosi kizima mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne. Anaweka kidole chake chenye udongo pale penye mti.

"Wewe ndiye msomi wetu," anasema. "Iandike ilivyopita."

Nami nasikia sauti yangu ya ujana ikimjibu kwamba nitaandika, Mzee, nikishakunywa chai tu. Natazama mkononi, penseli imekuwa tiketi ya basi. Naijua. Ni ya Ijumaa ile niliyoondoka bila kuaga, miguu ikiniwasha. Na mstari kwenye ramani umebaki umenyooka.

Mtaro ukafupika. Ukawa na urefu wa mtu mmoja. Mzee amekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani, buti zake za mpira safi kabisa. Nikaelewa kuwa ni kaburi lake na halijafukiwa. Nikapiga magoti nichote mchanga, fumba la kwanza. Unapita katikati ya vidole vyangu kabla haujamfikia. La pili pia. La tatu pia. Nilitaka kumwomba radhi. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mimi nimeshazikwa, mwanangu," akasema. "Nyuma ya mti kuna binti anakuja na mashine, naye hajui. Nenda ukaseme kwamba ni wewe."

Mbali nikasikia mngurumo. Nikageuka kutazama, na nilipomrudia Mzee, kofia peke yake iko ukingoni, halafu hata kofia haipo. Mngurumo ulikuwa unazidi.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na mngurumo ulikuwa bado upo. Kilikuwa kijiko cha Zuhura, nje, upande wa pili wa ukuta.

Nilitoka pekupeku. Mkono wa mashine ulikuwa umeshainuliwa nyuma ya kisiki. Nikasimama katikati, nikanyoosha mikono. Zuhura alizima mashine, akachungulia dirishani.

"Kaka, umeota nini?"

"Nimeota kitu nilichokifanya," nikamwambia. "Kebo iko hapa niliposimama."

Injinia akaja na chupa yake ya chai. Akaniambia, kwa upole kama anayesema na mgonjwa, kwamba ramani haionyeshi hivyo. Nikamwambia najua, ni mimi niliyeagizwa kuionyesha, na sikuionyesha. Nilidhani atanifukuza pale pale. Alinitazama miguu, akautazama mstari wake wa chokaa, akasema tuchimbe kwa mkono.

Nilichimba mwenyewe, polepole, chepe ikikwangua tu. Zuhura aliketi juu ya mnyororo wa mashine yake, akiifuata chepe kwa macho. Kwenye kina cha goti chepe ikagusa kitu. Nikaiweka kando, nikafagia kwa viganja. Kigae chekundu. Pembeni yake kingine. Nikakiinua kimoja, na chini yake palikuwa na ule mchanga laini, usio na hata kokoto.

Zuhura akaja akachungulia. Akakitazama kijiko chake, akautazama mchanga, akashika kifua.

Nikachota mafumba matatu, nikayarudisha taratibu mahali pake, moja baada ya jingine. Hayakupita vidoleni. Kisha nikaomba ramani. Injinia alinipa pamoja na penseli, akasema hakuna haraka, ninywe kwanza chai.

Niliichora pale pale, nikiwa bado nimepiga magoti.