Akina Mama wa Kupimia Gari

Harufu ya kiti cha gari kuukuu kilichoshinda juani haijawahi kunipita bila kunichekesha. Unaijua: plastiki iliyoiva, vumbi, na jasho la watu walioshuka zamani. Wenzangu hufungua dirisha. Mimi hufumba macho, na papo hapo niko Kawangware, miaka ya sabini, nimepakatwa kwenye mapaja mapana ya Mama Truphena, na nyuma ya shingo yangu mwanamume mzima amelala kifudifudi akiwasihi akina mama wanyamaze.

Nianze na gari lenyewe. Baba yangu alikuwa dereva wa familia moja ya Wazungu kule Lavington. Walipofunga virago kurudi kwao, walimwachia gari lao la zamani, la kijani, refu nyuma kama gari la maiti. Ndivyo watoto wa ploti yetu walivyoliita, mpaka Mama akamkimbiza mmoja wao na mwiko wa ugali. Lilikuwa gari la kwanza kulala katika ploti ile. Baba alilipangusa asubuhi kabla hajanawa uso, akalipangusa tena jioni, na kuku akithubutu kurukia boneti alikuwa na kesi.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Likikata kona ya kushoto na watu wamekaa nyuma, lilibisha. Ko! Ko-ko! Kama mgeni mwenye haraka mlangoni. Kona ya kulia, kimya. Baba akiwa peke yake, kimya kabisa, hata ungedhani lina adabu mbele ya mwenyewe tu.

Tungelizoea mlio ule kama tulivyozoea kikohozi cha jirani, ila shangazi yangu Rasoa, dada mdogo wa Baba, alikuwa anaolewa Jumamosi katika kanisa moja huko Kibera, na Baba alikuwa ameapa kumpeleka kwa gari hilo. Jumapili iliyotangulia alibeba wazee wa kanisa. Kwenye kona ya sokoni gari likabisha, na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia nyuma akaitikia kwa sauti kubwa, "Karibu!"

Kabla ya jua kutua Kawangware yote ilikuwa na habari. Shangazi Rasoa aliingia nyumbani akavua viatu, akavipiga chini.

"Kaka, mimi siendi kwa bwana nikibishiwa hodi njia nzima. Afadhali nitembee."

Ikawa mbaya zaidi pale watu wa bwana harusi walipotuma neno, kwa upole uliochoma kuliko matusi, kwamba wao wako tayari kutafuta gari lingine. Baba hakula siku hiyo. Alikaa ndani ya gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje, akiutazama usukani kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Basi akaitwa fundi Ouma, mrefu kama ngazi, aliyetengeneza magari kando ya bucha. Ouma alikuwa na falsafa yake. "Gari ni kama mtoto," alisema. "Inalia, lakini haikuambii ni wapi." Kwanza alitoa kila kitu kilichokuwa nyuma, jeki, gurudumu la akiba, hata viatu vya mvua vya Baba, maana alisema kelele nyingi za magari ni jeki inayojigaragaza tu. Wakazunguka, Ouma amekaa kiti cha nyuma. Ko! Akalikandamiza gari kwenye pembe za nyuma na kuliachilia, likanesa na kutulia. Akatikisa magurudumu. Akaingia chini, akagonga huku na kule, akatoka na mafuta usoni.

"Inataka uzito," akasema hatimaye. "Ikipinda kushoto, mzigo unaegemea kulia, hapo ndipo kitu kinagonga. Mimi nilale huku nyuma nishike bolti kwa mkono, wewe uendeshe."

Wakapakia magunia ya mchanga. Katika kona ya kwanza magunia yaliporomoka yakamfunika Ouma, na alipotolewa alikuwa anatema mchanga.

"Mchanga haukai kama mtu," alisema. "Tafuta watu. Na si watu wembamba."

Hapo ndipo taabu ya kweli ilipoanza, kwa sababu watu wa namna hiyo katika ploti yetu walikuwa akina mama, na wote walikuwa wanajuana na Mama. Baba akamwomba Mama akawaite.

"Nani? Mimi?" Mama akasema. "Enda wewe mwenyewe uwaambie unatafuta wanene."

Baba akaenda. Aliwakuta bombani, akavua kofia, akaanza kuzungukazunguka: kuna kazi ndogo, inataka watu wenye... wenye heshima kidogo, watu waliotulia, wanaojaza...

"Baba Jerusa," Mama Truphena akamkata, "sema tu unataka mwili." Akatua ndoo yake. "Mwili niko nao. Ngoja nibadilishe kitambaa."

Kumbe hakuna aliyekasirika! Waliingia ndani wakatoka wamejipaka mafuta, na mmoja amevaa nguo yake ya kwaya. Aliyekasirika ni Mama Apiyo, jirani yetu wa mlango wa pili, mwembamba kama ufito, ambaye Baba alikuwa amempita bila kumwangalia.

"Kwani mimi ni upepo?" akauliza.

"Hapana, mama," Ouma akamjibu kwa huruma. "Ni vile wewe hutafanya gari isikie."

Mama Apiyo akageuka akaenda zake. Tulipokuwa tunapanda, akarudi amekumbatia gunia la maharagwe, nusu limejaa. Akaketi upande wa kulia, akalipakata, akasema, "Haya. Pima sasa."

Mimi nilichomekwa kwenye mapaja ya Mama Truphena, kwa sababu nililia. Tukaenda uwanja wa mpira. Baba akaanza kuzungusha gari kuelekea kushoto, na akina mama, kwa kuwa wamekaa pamoja na hakuna kazi mikononi, wakaanza wimbo wa kanisa.

"Mnyamaze!" Ouma akapiga kelele kutoka nyuma. "Sisikii bolti!"

Wakanyamaza, mabega yakitetemeka kwa kicheko kilichobanwa. Gari likainama. Kimya. Kisha, Ko!

"Si mimi!" akasema Mama Truphena.

Kicheko kilichopasuka humo ndani kingeweza kung'oa milango. Lakini Ouma alikuwa anapiga sakafu kwa furaha. "Nimeipata! Shokomzoba ya kulia! Mpira wa hapa juu umeisha, chuma inagonga chuma!"

"Upande wangu," akasema Mama Apiyo, akilipapasa gunia lake. "Mmeona?"

Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Baba hakusimama. "Hebu tuhakikishe," alisema, akazunguka tena. Ko! "Nimesema nimeipata!" Ouma akalia. "Tuhakikishe na barabara ya lami," akajibu Baba, akatoka uwanjani. Tukafika Ngong Road, tukateremka hadi ukingoni mwa Kibera, tukaona mabati ya mtaa wa Gatwekera yaking'aa bondeni. Kila kona ya kushoto ilipobisha, gari zima liliitikia, "Karibuuu!" na watu waliokuwa wanatembea kando ya njia wakageuka kutazama. Baba alikuwa amekiinamisha kioo cha kutazamia nyuma, akawa anatutazama sisi badala ya barabara. Niliyaona macho yake humo. Nikadhani bado anautafuta mlio.

Ouma alichonga mpira mpya kutoka kwenye tairi kuukuu, akaufunga, na Jumamosi gari likaenda kimya kabisa, kimya mno. Lilifika kanisani kabla mtu hajalisikia, na Shangazi Rasoa ilimbidi akae ndani ameshika maua, akisubiri vigelegele viletwe.

Nimekuwa mtu mzima, nimeendesha gari langu mwenyewe na mama yangu amekaa nyuma, ndipo nikaielewa safari ile. Dereva wa miaka mingi kama Baba hakuhitaji lami kuhakikisha mpira ulioisha. Wengi wa wale akina mama hawakuwa wamewahi kukaa katika gari dogo. Yeye naye maisha yake yote alikuwa amebeba wageni wa watu wengine, amewaona wakiangalia nje bila neno. Siku hiyo kioo kilijaa watu wa kwao, wamebanana, wakicheka, na sidhani alikuwa na haraka ya kufika.

Tuliporudi ploti alizima gari, akavaa kofia, akazunguka akafungua mlango wa nyuma, akasimama wima ameushikilia, mkono mmoja mgongoni. Sisi watoto tulicheka. Akina mama hawakucheka. Walishuka mmoja mmoja, polepole, wakinyoosha nguo zao. Mama Apiyo alishuka wa mwisho, akamkabidhi gunia la maharagwe, na Baba akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, dereva," alisema Mama Apiyo, akatangulia kuelekea mlangoni kwake bila kugeuka, na Baba akamfuata nyuma na mzigo.