Viti Vinne vya Ndege ya Wakwe

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na watu wanamwita Sponji. Si kwa unene, maana mbavu zake unaweza kuzihesabu. Ni kwa sababu popote anapokaribishwa kukaa, iwe msibani au hospitali, lazima kwanza akibonyeze kiti kwa kiganja na kukitolea hukumu. Mimi ni mdogo wake. Yeye anakata na kujaza, mimi nashona, na karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati na vumbi la pamba lisiloisha.

Sponji ana siri ya kazi, anaiita kokwa. Anakusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi za watu, anavifunga furushi gumu, kisha analizika katikati ya sponji ili kiti kisibonyee. Vipande hivyo vinapatikanaje, mafundi wote tunajua. Mteja akiuliza kama kitambaa chake kimebaki, jibu ni moja: kimeisha chote, tena tulibanabana. Nami nalitoa jibu hilo bila kupepesa macho. Kochi la mtu nani atalifungua? Likichakaa linarudi kwetu wenyewe, na tunalifungua mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka jana binti wa kaka aliolewa kwenye nyumba yenye ndege. Ndege kweli, ya kuruka. Baba wa mume ni rubani mstaafu, na alibaki na kindege chake kikuukuu cha viti vinne. Tangu siku ya posa kaka alikosa raha. Akienda kwa wakwe anakaa ukingoni mwa kiti, anaongea kwa sauti isiyo yake. Mama wa mume aliliona hilo, akajitahidi kumtoa wasiwasi. Hakumwita Sponji wala fundi. Alimwita mzazi mwenzangu, na kila akiitwa hivyo kaka ananyoosha mgongo. Njiani ananiuliza, "Umesikia alivyoniita?" Nilisikia mpaka masikio yakachoka. Lakini nilimwelewa. Alitaka kitu kimoja tu, mwanawe asiwe na baba wa kuonewa haya katika nyumba ile.

Mama huyo ndiye aliyempa makochi yake ayavike upya. Alinunua kitambaa mwenyewe, cha kijani chenye maua ya dhahabu, akakizidisha makusudi ili kitakachobaki ashonee mito. Kaka akampa lile jibu letu. Mama wa watu akaamini, mito akaishonea kitambaa kingine kisichoendana na chochote pale sebuleni.

Kisha rubani akaamua kuitengeneza ndege yake ndani, na mkewe akasema kazi hiyo haiendi kwa mtu baki. Tuliikuta katika hali ya kusikitisha. Ngozi ya viti imepasukapasuka, zulia linanuka mafuta na ukungu, kitambaa cha dari kimelegea hadi kinakugusa utosi. Rubani alituletea vifaa vyote: sponji maalumu nyembamba isiyoshika moto, na kitambaa chake.

"Tumieni hivi tu," akasema. "Msiongeze kitu."

Kaka akaitikia vizuri kabisa. Tulipofika karakana akaibonyeza ile sponji, akaguna.

"Hii ni sponji au karatasi? Nimkalishe mzazi mwenzangu kwenye bati?"

"Kaka, ndege si kochi. Mwenyewe kasema tusiongeze."

"Yeye anajua kurusha. Kukalisha watu ni kazi yangu. Wewe shona."

Akavitia kokwa viti vyote vinne. Kwa kile cha rubani alichagua kitambaa kizito kuliko vyote tulivyokuwa navyo, kile cha kijani. Alikikunja kwa heshima, na naapa hakikumpitia akilini kwamba kile kitambaa kina mwenyewe. Nami nikafunga mshono.

Siku ya ukaguzi wa ndege tulikutana kwenye banda la ndege, sisi na wakwe na binti yetu na mumewe. Mkaguzi akiridhika, wazazi wote wangepanda siku hiyohiyo, kwa hiyo kaka alivaa suti ya harusi. Viti vilikuwa vimetolewa na kupangwa sakafuni. Mama mkwe akakaa kwenye kile cha rubani, akajitikisa kidogo, akacheka.

"Mzazi mwenzangu, una mkono wewe. Hapa mtu unasinzia."

Kaka alivimba kichwa, nikamwona. Mkaguzi, mtu wa maneno machache, alikuwa akipima viti kwenye mizani, kwa sababu ndege huhesabiwa uzito wake wote. Alipima kile cha rubani, akakishusha, akakirudisha tena.

"Kimezidi cha zamani kwa mbali. Ndani kuna nini?"

"Sponji," kaka akasema.

"Sponji gani nzito hivi?"

"Sponji nzuri."

Rubani alicheka. Mkaguzi hakucheka, alitoa wembe mfukoni.

"Ngoja kwanza," kaka akasema haraka. "Nitaenda nacho, nikirekebishe mwenyewe."

"Kinachopanda angani nakifungulia hapa."

Akapitisha wembe kwenye mshono wangu, akaingiza mkono, akatoa lile furushi na kulikata kamba. Likafumuka sakafuni, kijani na maua ya dhahabu. Akachana kipande, akatoka nacho nje, akakiwasha. Kiliwaka chote kwa pupa, kikadondosha matone meusi.

"Hiki mlimwekea rubani akalie," akasema.

Lakini waliokuwa wakitazama moto ni wachache. Mama mkwe alikuwa ameinama kuokota kipande, akakitandaza juu ya paja na kukilainisha kwa kiganja.

"Kumbe kilibaki," akasema taratibu.

Nadhani mazoea ndiyo yaliyomponza kaka, maana akasema, "Kidogo tu." Na mkaguzi alikuwa bado anavuta vipande kutoka kwenye kile kiti, kimoja baada ya kingine.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona haya kwa ajili ya kaka, nikaona haya kwa ajili yangu, maana ule mshono ni mkono wangu na kila aliyekuwepo alijua. Mbaya kuliko vyote alikuwa binti yetu. Hakulia wala hakukasirika. Alisogea akasimama nyuma ya mumewe, akawa anaangalia viatu vyake. Kaka alimwona. Suti ya harusi ilimkaa ghafla kama ya kuazima.

Tulirudia viti vyote, vyembamba, bila kokwa. Mkaguzi alipima, akaridhika. Walipotualika kupanda kaka alisema tumbo linamsumbua, na hakuna aliyemsihi.

Baadaye mama mkwe alikuja karakana mwenyewe, na kitambaa cha viti vya mezani. Kaka aliruka kumfutia kiti vumbi.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Karibu ndani."

Alikaa, akatusalimia vizuri, akatuulizia afya. Hakuwa na kinyongo, na laiti angekuwa nacho, tungejua pa kuanzia. Akaeleza anavyotaka viti vyake, kaka akiitikia kila neno, akingoja. Nilijua anangoja nini. Alipoinuka kuondoka, mama alikigusa kile kitambaa mezani.

"Nimenunua cha kuzidi. Kikibaki usihangaike kunirudishia, we chukua tu, fundi."

"Sawa, mama," kaka akasema, kama anavyomwitikia mteja yeyote.