Wazee wa Posa na Unga wa Grâce

Mzee Ngarambe alinishukuru mbele ya watu kwa maneno ambayo sijawahi kuyasema.

Tulieni niwasimulie.

Mwanangu wa mwisho, Sylveri, alipata mchumba Buffalo. Ijumaa moja ya Novemba akatoka hapa Louisville kupeleka posa na washenga wawili, Mzee Ngarambe akiwa msemaji. Wakalala Columbus kwa binamu yangu Bamurange.

Asubuhi simu ikalia. Nilikuwa nakoroga uji.

"Mama, huko mbele wanasema kuna theluji. Barabara ni mbili. Moja inafuata ziwa, nyingine inazunguka milimani. Tushike ipi?"

Weee, hilo nalo swali? Mimi ni mtoto wa Rumonge. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika kabla hatujakimbilia Tanzania. Kwetu ukishuka ziwani unavua sweta. Ukipanda milimani meno yanagongana.

"Fuateni ziwa," nikasema. "Ziwani ndiko kwenye joto."

"Bibi, lakini..." Huyo ni Grâce, mjukuu wangu, miaka tisa.

"Shh! Watu wazima wanaongea."

Akachukua tableti yake, akaenda chumbani.

Grâce hasomi shule ya basi la njano. Mama yake, binti yangu Immaculée, anamfundisha nyumbani. Lakini Immaculée anafanya shifti ya usiku kwenye ghala la Jeffersontown, asubuhi analala. Kwa hiyo mwalimu wa zamu ni mimi, mwenye darasa la nne la kambini. Kazi tuliyoachiwa ilikuwa moja: chagueni habari ya leo, mtafute mahali ilipotokea, mseme kwa nini imetokea.

Grâce akarudi. "Bibi, habari yangu ni theluji ya Buffalo."

"Haya, mwalimu yuko tayari."

Tukatengeneza ramani sakafuni. Haragwe moja Louisville, moja Columbus, moja Buffalo. Ziwa Erie likawa kitenge changu cha bluu. Barabara ya ziwani ikawa uzi, tukaulaza kwenye ukingo wa kitenge.

Nilikuwa najisikia profesa kabisa.

"Sasa Bibi, ziwa bado lina joto la kiangazi. Kama sufuria yako."

Akafunua uji. Mvuke ukapanda. Akaweka juu yake kifuniko kilichotoka kwenye friji, matone yakajaa.

"Umeona? Upepo wa baridi unapita juu ya ziwa, unabeba huo mvuke. Ukifika nchi kavu unaumwaga. Theluji."

Akachota unga wa ugali, akaumimina upande wa pili wa kitenge. Akajaza mashavu.

Fuuuu!

Unga ukavuka kitenge chote. Ukalifunika haragwe la Buffalo. Ukaufunika na uzi.

Uzi wa barabara ya ziwani!

Mwiko ukaanguka.

"Grâce! Anko wako yuko kwenye huo uzi!"

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Kwenye runinga magari yamezikwa, yanaonekana paa tu. Nimemtuma mwanangu na wazee wa watu kwenye kaburi jeupe, kwa mdomo wangu mwenyewe!

Nikapiga magoti pale pale kwenye unga.

"Bibi..."

"Omba, mtoto! Omba kwanza!"

Kila alipotaka kusema, nikamwambia aombe. Mchana simu ikaita. Namba ya Bamurange. Nikapokea.

"Mama Immaculée!" Ni sauti ya Mzee Ngarambe, nyuma yake watu wanacheka na sahani zinalia. "Bado tuko Columbus. Simu ya Sylveri imeisha chaji. Tumekuweka kwenye spika uwasikie watu: umetuokoa! Tulikuwa tumeshapanda gari, ujumbe wako ukaingia kwa Sylveri kabla simu haijazimika."

"Ujumbe... wangu?"

"Si ulimtuma mtoto? 'Bibi amebadili neno, anasema msiondoke, ziwa ndilo linaleta theluji.' Hekima hiyo, mama!"

Nikamgeukia Grâce. Anachora kidole kwenye unga, hanitazami.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilituma kwa tableti, ulipoendelea kukoroga uji. Wazee hawasikilizi mtoto, Bibi. Wanakusikiliza wewe."

"Na hili somo la unga?"

"Hilo lilikuwa lako."

Nilicheka mpaka Immaculée akaamka.

Posa ilifika Jumatano kwa njia ya milimani. Wakwe hawakununa. Ile Jumamosi hata mlango wao haukufunguka kwa theluji.

Mzee Ngarambe, ukisoma hapa: maneno yale si yangu. Kile kitenge ulichoniletea cha shukrani nimemshonea Grâce gauni.

Nanyi bibi wenzangu, mtoto akisema "lakini", epua sufuria kwanza, umsikilize. Uji utasubiri.