Sekunde za Kuisubiri Zahanati ya Mwisho

Matroni aliyesimamia zahanati zote tatu alisema wazi: kompyuta ya zahanati ya mwisho ikihesabiwa imekufa mara moja zaidi kabla ya Ijumaa, itang'olewa, na watu wa kule watarudi kwenye makaratasi.

"Aliyeiomba mwenyewe hayupo, Fundi," aliongeza. "Asiyekuwapo na lake halipo."

Aliyeiomba alikuwa mke wa Fundi, aliyekuwa mkunga kule kabla hajaenda ng'ambo kutunza wazee wa watu. Siku ya kuondoka, mzigo ukiwa tayari begani, hakuagiza habari ya nyumba wala ya nguo. "Mume wangu, ukiziunganisha, zahanati yangu usiiache nje." Basi.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Huu sasa ulikuwa mwaka wa nne. Simu za kila jioni ziligeuka za Jumapili, kisha za Jumapili moja moja. Sasa wiki saba zilikuwa zimepita kimya. Fundi bado alilala upande wake wa kitanda, na ule mwingine ulibaki umetandikwa.

Kompyuta zenyewe zilikuwa vijisanduku vitatu, kimoja kwa kila zahanati, vyenye nguvu za kifaranga. Vilitunza daftari moja la wagonjwa na kupashana habari ya kila kilichoandikwa. Kimoja kikinyamaza, viwili vilivyobaki vilikifuta katika kundi na kuendelea na kazi. Jumatatu hiyo kile cha tatu kilikuwa kimefutwa tena.

"Haijafa, Matroni. Imenyamaza tu."

"Wenzake wanasema imekufa. Mimi ni nani nibishane na ndugu zake?" Akavua miwani. "Kwani wameisubiri muda gani?"

"Sekunde mbili."

"Mke unamsubiri mwaka wa nne, mashine unaipa sekunde mbili? Mkunga wetu akisikia ataionea huruma."

Karani wa mapokezi aliangua kicheko. Fundi naye akacheka, meno nje, moyo ukimchoma.

Neno lile halikumtoka. Sekunde mbili alizichagua yeye, karakanani kwake, vijisanduku vikiwa juu ya meza moja, waya fupi, daftari tupu. Vilijibizana kufumba na kufumbua, akafurahi, akaufanya muda huo kuwa mpangilio wa kuanzia wa vyote. Hakuwaza chumba chenye joto la bati, wala kadi ya kumbukumbu ya bei rahisi, wala foleni ya akina mama siku ya chanjo.

Jumanne, Matroni akiwa amekubali siku hiyo isihesabiwe, akaenda kukaa kule, kwenye benchi karibu na mizani ya watoto, mahali mke wake alipozoea kuandikia. Kila mara kijisanduku kilipokaa kimya alitazama saa na kuandika kwenye kipande cha boksi. Sekunde tatu. Sita. Foleni ikarefuka, watoto wakalia kwa kupokezana. Kumi na nne.

"Shikamoo, Fundi. Unahesabu nini?" mkunga mpya aliuliza.

"Marahaba, binti. Nahesabu inanyamaza muda gani ikiwa nzima."

"Si uhesabu ikiwa mbovu?"

"Ubovu wake naujua. Uzima wake ndio sikuwahi kuuangalia."

Hapo akaona na kosa la pili. Kilipozinduka, wenzake walikimwagia daftari lote tangu ukurasa wa kwanza. Kikielemewa, kilinyamaza tena, nao wakakifuta tena. Kilikuwa kikiuawa kwa kukaribishwa.

Akaweka sekunde ishirini, kile kimya kirefu kuliko vyote na akiba kidogo juu yake. Akapanga kikirudi kipewe tu kilichokipita. Akapunguza na kumbukumbu kinayojitwalia, kisijishibishe kikashindwa kupumua. Mipangilio hiyo akaitia kwenye vyote vitatu. Mwendo wa wote uwe wa mnyonge.

"Na ikifa kweli?" Matroni aliuliza.

"Foleni itasimama sekunde ishirini kabla hatujajua."

"Hizo zinavumilika. Zikipita?"

"Zikipita, Matroni, tutakuwa tumejua."

Hadi Ijumaa mchana kijisanduku kilikuwa kimenyamaza mara nyingi asizoweza kuhesabu, mara moja hata sekunde kumi na saba. Hakikufutwa. Matroni aliitazama orodha ya kundi kwenye kioo, vyote vitatu vikiwamo, akarudi kwenye faili zake. "Ibaki," alisema.

Fundi akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje, akamwandikia mke wake kwenye simu: Zahanati yako imo ndani. Akataka kuishia hapo. Vidole vikaongeza: Nieleze tu, wewe ukielemewa na kazi, ukiwa mzima, huwa unanyamaza muda gani? Nijue.

Akaisoma mara mbili. Akaituma, akabaki ameishika simu kwa mikono yote miwili.