Miguu Ilirudi, Kibofu Hakikurudi

Nilianguka kutoka paa la grinihausi tukibadilisha nailoni iliyochanika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika shamba moja la maua karibu na Kamere: kupanda juu. Mgongo uligonga bomba la maji. Nikabaki nimelala kati ya mistari ya waridi, miguu yangu naiona lakini siisikii.

Hospitalini Nakuru, kila aliyekuja kunitazama alitazama miguu. Mke wangu alivifinya vidole. Kaka yangu alisafiri kutoka Kakamega akasimama upande wa chini wa kitanda, akiniamrisha, "Jaribu tena. Sukuma." Siku kidole gumba kilipocheza, wadi nzima ilipiga makofi. Hakuna aliyeuliza habari ya mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia kando yangu.

Muuguzi ndiye aliyenieleza, mama mmoja asiyezunguka maneno.

"Kibofu kikijaa kinatuma ujumbe. Unapita kwa mishipa ya fahamu, unapanda ndani ya uti wa mgongo mpaka kwa ubongo. Ubongo unajibu: ngoja, ama fungua. Yako, hiyo njia imeharibika hapo kiunoni. Si yote, ndiyo maana miguu inaamka. Lakini kibofu na ubongo hazisikizani tena."

"Itarudi lini?"

"Inaweza rudi. Inaweza kosa."

Akanifundisha kujiingiza mwenyewe mpira wa kutoa mkojo, mikono ikiwa safi, kwa kufuata saa, kwa sababu haja yenyewe singeisikia tena.

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa magongo, na majirani wakashangilia. Lakini nikikohoa, au nikicheka, suruali inalowa. Mke wangu alifua, kisha akahamia chumba cha watoto.

"Ni harufu, baba watoto," alisema. "Siwezi kukudanganya."

Ningefurahi kama angenidanganya.

Halafu Jumapili moja mchungaji wa kanisa letu akaniita mbele nitoe ushuhuda. "Huyu madaktari walisema hatatembea!" alitangaza. Hakuna daktari aliyewahi kusema hivyo. Nilisimama nimeegemea magongo, kwaya ikiimba nyuma yangu, na ghafla nikaona akina mama wa kiti cha mbele wakishusha macho hadi suruali yangu, kisha wakayainua haraka kwenye dari. Nilipoinama kutazama, kiatu kilikuwa kimeshajaa.

Mchungaji hakuwa ameona. Akanishika bega. "Sema neno moja tu, ndugu."

Nikaisogelea maikrofoni. "Siwezi kuzuia mkojo," nikasema. "Hilo mtaliombea lini?"

Mpiga kinanda akaanzisha wimbo mwingine, kwa sauti ya juu. Mzee wa kanisa akanifunga koti lake kiunoni, akanitoa kwa mlango wa pembeni. Nilidhani atanipa pole. Alisubiri mlango ufungwe, akaniuliza, "Sasa hiyo ilikuwa lazima?"

Sikurudi. Mke wangu huenda na watoto, na wakitoka hapana anayenisimulia mahubiri yalikuwa ya nini. Mpira bado naingiza kwa saa. Kibofu hakijatuma ujumbe wowote, na nimeacha kuungojea.

Waumini wakinikuta nikinunua sukuma wiki kwa genge la mboga, hunisalimia kwa furaha. "Bwana asifiwe! Si unatembea!"

"Natembea," huwajibu.

Wanatabasamu, wanauliza watoto wanaendeleaje, na wakati wote huo wamesimama upande upepo unakotoka, harufu isiwafikie.