Nilivyopanda Mlima wa Ukweni Kinyumenyume

Nina wajukuu kumi na mmoja na hakuna hata mmoja ambaye hajasikia habari ya bukta yangu, na si wajukuu tu, ukoo mzima wa ukweni kule Misungwi umeiona kwa macho, wazee kwa watoto, hata babu mmoja kiziwi aligeuziwa kiti ili asipitwe. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa wifi yangu Milembe mtaambiwa nilikuwa uchi, na uchi sikuwa.

Mimi naendesha pikapu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini gia nazijua, nilifundishwa na marehemu mume wangu aliyekuwa dereva wa lori la pamba, na alipofariki nikauza nguruwe wangu wote nikanunua hii pikapu, kuukuu, imeshapita mikono ya watu wanne kabla yangu, upande mmoja nyeupe na upande mwingine rangi ya aliyeigonga. Kila asubuhi naitoa Igoma nafuata nyanya na viazi mashambani, narudi nawagawia akina mama wa sokoni. Mlango wa dereva unafunguliwa kwa nje, kioo nakipandisha kwa viganja, gia ya pili lazima uibembeleze kama mtoto mwenye homa, na handibreki haipo kabisa, ilikatika, ndiyo maana natembea na jiwe. Wifi Milembe, dada wa marehemu, ndiye mtu wa jiwe: nikisimama mlimani yeye anaruka chini analiweka nyuma ya tairi. Tumefanya hivyo miaka sita na hatujakanyaga hata kuku. (Kuku mmoja. Lakini alikuwa mgonjwa.)

Sasa mwanangu Masanja ana kazi ya ofisini na gari dogo la otomatiki linalonukia maua, na pikapu yangu inamtia aibu. Mara mama umezeeka, mara mama magoti, mara watu wananisema nimemwacha mama yangu anaendesha mkweche. Mwisho akaniletea dalali kutoka Mabatini, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akazunguka gari langu akilipiga tairi mateke kama ng'ombe wa mnada, akasema atalichukua kwa ajili ya spea. Kwa ajili ya spea! Gari ambalo asubuhi ile ile lilikuwa limebeba magunia manane.

Tulibishana mimi na Masanja mpaka tukafikia makubaliano. Mwanawe Maduhu alikuwa anaoa, ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapelekwa Misungwi wote kasoro mmoja, mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, na huyo ndiye wa kumalizia, anapelekwa siku ya sherehe watu wote wakiwepo. Nikasema nitampeleka mimi. Masanja akasema sawa, ukimfikisha bila kutuaibisha ufunguo ni wako na sitafungua mdomo tena, lakini ukituaibisha ukweni, mama, Jumatatu dalali anakuja kuchukua gari. Nikamwambia mlete hata leo akae barabarani anisubiri. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata.

Kosa halikuwa la gari. Kosa lilikuwa la sare. Mke wa Masanja alinunua kitenge cha rangi ya zambarau, wanawake wote wa upande wetu tushone, na sare ukiikataa ni kama umeikataa harusi yenyewe. Mshono akauchagua yeye, unabana kuanzia kifuani mpaka magotini halafu chini unaachia kama mkia wa sato. Fundi akaniuliza kwa heshima, bibi, nikuachie nafasi kidogo ya kutembea? Na mimi, mwanamke mzima, kwa kuwa nyuma yangu kwenye foleni alisimama mama mmoja mnene anayependa kunicheka, nikamjibu bana, mwanangu, bana mpaka mwisho.

Hilo ndilo neno lililoniangamiza.

Asubuhi ya sherehe nikaingia kwenye gari kwa kuanza na makalio, wifi akanizungusha miguu kama mtu anayeingiza kitanda mlangoni, halafu nikagundua mguu wa kushoto hauifikii klachi. Goti halipandi. Nikakunja gauni likapanda mpaka mapajani, nikajifunika khanga, na ndani nilikuwa nimevaa bukta ya mpira ya mjukuu wangu, nyekundu, ina namba tisa (kiti cha pikapu kina spring imechomoza, mwenye akili havai nguo nyepesi pale). Wifi Milembe na yeye alikuwa kwenye gauni lile lile, amebanwa, anapumua kwa zamu, jiwe amelipakata. Mtamba tulikuwa tumemfunga nyuma akiangalia tunakotoka, kwa sababu upepo wa mbele humtoa machozi. Tukaondoka, tukapita Usagara vizuri kabisa, nikapishana na malori, nikapigiwa honi za heshima, na wifi akaanza kuimba. Nikasema moyoni, Masanja atanikoma.

Nyumba ya wakwe iko juu ya kilima kikali cha changarawe na mawe, chini kuna uwanja mdogo, na pembeni ya njia kuna ua wa minyaa. Magari mengine yalikuwa yameshapanda. Juu nikaona maturubai, nikaona watu wamesimama kutusubiri, wanawake wa ukweni wakaanza vigelegele. Na mimi nilipovisikia vigelegele nikaona aibu kufika nimekunja gauni (ukweni baba mkwe hatakiwi kuona hata goti lako), kwa hiyo nikalishusha gauni huku gari linakwenda. Nililishusha vizuri, likanifika magotini, na miguu ikafungwa pamoja kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Katikati ya kilima gia ya pili ikachoka. Nikataka kurudi ya kwanza, mguu ukaitafuta klachi, gauni likaukatalia, gia ikalia krrr kama inasaga mawe, gari likazima. Nikakanyaga breki kwa mguu mmoja kwa nguvu zote za ujana wangu, breki ikashika nusu, na taratibu tukaanza kurudi nyuma.

"Milembe, jiwe."

"Siwezi kushuka, wifi."

"Milembe, jiwe!"

"Nimebanwa, nikishuka nachanika."

Alishuka. Hakuruka, alimwagika, akadondoka pembeni na jiwe lake kifuani, na jiwe likabaki naye pale chini, gari likaendelea peke yake na mimi na mtamba mpaka likajiegemeza kwenye ua wa minyaa na kutulia. Vigelegele vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikatoa mkono dirishani nikafungua mlango kwa nje, nikajirusha chini niende kumtazama ng'ombe, kumbe pindo la gauni limebanwa na chuma cha kiti. Nilisikia sauti ndefu. Gauni likafunguka toka pindoni mpaka kiunoni, na pale mbele ya wakwe nikasimama na namba tisa.

Mzee Lugwisha, baba wa binti tunayemuoa, alikuwa ameshuka hatua chache kuja kutupokea. Akageuza uso akaangalia ziwa, na ziwa kutoka pale halionekani.

Masanja akaja mbio kwa suti yake. Sikumbuki kila alichosema, kulikuwa na habari ya jina lake na ya marehemu baba yake, kisha akashusha sauti. "Mama, yamekwisha. Ng'ombe ashushwe, apande kwa miguu. Nipe ufunguo."

Nikamwambia ng'ombe anayemalizia mahari hakokotwi kama mwizi mbele ya watu, nilisema nitamfikisha kwa gari na atafika kwa gari. Akasema basi ataendesha yeye. Nikampisha. Akaingia, akakaa, akaangalia gia kama mtu anayeangalia nyoka, akaliwasha likaruka likazima, akaliwasha tena likaruka likazima, mara ya tatu mtamba akampigia kelele. Mwanangu gia hazijui, otomatiki imemlemaza. Kule juu watu walianza kucheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

"Shuka, baba," nikamwambia.

Nikavua viatu. Kile kipande cha gauni kilichoning'inia nikakichana chote nikampa Milembe, nikajifunga khanga kiunoni fundo la shambani, na tazama maajabu, miguu yote miwili ikawa yangu. Nikaliachia gari lishuke polepole mpaka uwanjani. Hapo nikakumbuka maneno ya marehemu, siku lori lake lilipokataa mlima na pamba juu: mlima ukikukatalia uso, upe mgongo. Rivasi ya magari haya ya zamani ina nguvu kuliko gia ya kwanza, mtu wa otomatiki hawezi kulijua hilo hata umchoree. Basi nikageuza gari, matako yakaangalia kilima, nikatia rivasi, nikatoa kichwa dirishani nikiangalia nyuma, Milembe akitembea kando ya tairi na jiwe lake kama askari na bunduki.

Nikaanza kupanda.

Changarawe ilipiga kelele, moshi ukatoka, mtu mmoja akasema bibi atatuua, lakini nilikuwa nasikia klachi kwenye unyayo kama unavyosikia udongo ukiwa peku, naiachia kidogo, naikanyaga kidogo, mafuta hayapungui, shingo inauma, siangalii mtu, naangalia njia. Pale gari lilipozimika nikapapita. Jiwe kubwa nikalikwepa nikizungusha usukani kwa kiganja kimoja. Na kwa kuwa gari lilikuwa linapanda kinyumenyume, na mtamba tulimfunga akiangalia nyuma, basi yeye ndiye aliyetangulia, kichwa juu, baka lake jeupe usoni, anawaangalia wakwe mmoja mmoja kama mgeni rasmi. Kule juu bibi mmoja wa ukweni, mzee kuliko mimi, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wengine wote wakamfuata. Nikaingia mpaka mlangoni mwa turubai. Nikazima. Milembe akaweka jiwe.

Mzee Lugwisha akamzunguka ng'ombe, akamshika pembe, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Ng'ombe nane mliowaleta mwanzo waliingia hapa wameinamisha vichwa. Huyu ametuangalia usoni. Huyu ameletwa kwa heshima." Kisha akanisogelea, macho yake yakiwa kwenye paa la gari. "Na mengine, mkwe, mimi sikuyaona. Nilikuwa namwangalia ng'ombe."

Nililia kidogo, ni vumbi.

Chakula tulikula, wali na nyama na samaki, nikaazimwa gauni pana la yule bibi wa kigelegele, nikacheza mpaka miguu ikaomba radhi. Masanja alikaa mbali na mimi karibu saa nzima. Halafu akaja na sahani ya nyama laini, akaiweka mapajani pangu, akasema mama, Jumatatu dalali asije. Nikamjibu aje tu, nataka apige tena zile tairi mateke nikiwa nimekaa ndani. Akacheka, mwanangu, jinsi alivyokuwa anacheka utotoni, meno yote nje.

Hakuja dalali. Aliyekuja ni Masanja, Jumapili iliyofuata, kavaa kandambili, anaomba nimfundishe gia kwenye uwanja wa shule watu wakiwa kanisani wasimwone. Anazimisha bado. Nampiga kofi mkononi kila akiangalia chini kutafuta klachi, maana klachi haitafutwi kwa macho.

Na mimi nimeapa. Wajukuu wamebaki kumi wa kuoa na kuolewa, sare nitashona zote, hata ya rangi ya kinyesi cha bata nitashona, lakini fundi akiniuliza kuhusu nafasi nitamwambia aweke ya watu wawili. Kule Misungwi najua wananiita Bibi Tisa. Waite. Ufunguo uko hapa, kwenye sidiria, na kesho asubuhi nafuata nyanya.